Malisho yetu ya pamoja yamekuwa vumbi: tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni katibu wa kamati ya malisho katika kijiji kimoja cha Simanjiro. Tuna eneo la pamoja la hekta zipatazo 4,000. Wazee wanasema zamani nyasi zilifika magotini, na nyumbu na pundamilia walikuja kuzaa kila msimu wa mvua. Leo sehemu kubwa ni udongo mtupu na vichaka, na wanyama tunawaona wachache. Vijana wanataka eneo ligawanywe tulime. Wazee wanasema tupumzishe, lakini wanaogopa kwamba nyasi zikirudi wanyamapori watarudi pia, kisha ardhi itachukuliwa iwe hifadhi. Kuna wafadhili wametuahidi trekta, mbegu na kisima. Tuanzie wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo matatu kwa pamoja, nami nitayajibu yote, ila nianze na la trekta kwa sababu hilo ndilo litakalokufikia mlangoni kwanza. Waambie wafadhili wasubiri. Trekta lisiingie kabla ninyi wenyewe hamjakubaliana ng'ombe watakuwa wapi mwezi wa Novemba, wapi mwezi wa Februari, na wapi mwezi wa Septemba. Nimefanya kazi ya nyanda za malisho kwa zaidi ya miaka ishirini, na nimeona mashamba ya mbegu za nyasi yaliyopandwa kwa gharama kubwa yakiliwa hadi mizizi ndani ya wiki mbili tangu kuchipua, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuamua nani aingie na nani asubiri. Mbegu zilikuwa nzuri na mvua ilinyesha vizuri. Kilichokosekana ni kalenda.

Hebu tuangalie nyasi yenyewe, maana mengine yote yanatoka hapo. Nyasi za kudumu, kama zile zilizokuwa zinatawala mbuga za Simanjiro, yaani Digitaria macroblephara na Panicum coloratum, huweka akiba ya chakula kwenye kitako na mizizi. Mvua ya kwanza ikinyesha, nyasi hutumia akiba hiyo kutoa majani mapya. Majani yakishakua, ndipo yanapotengeneza chakula cha kurudisha kile kilichokopwa. Sasa ng'ombe akiyala majani yale yakiwa na urefu wa kidole, nyasi inalazimika kukopa tena. Ikiliwa mara ya pili, mara ya tatu, akiba inakwisha, mizizi inafupika, na siku moja ya jua kali kitako kinang'oka kwa ncha ya kiatu. Nafasi yake inachukuliwa na nyasi za msimu, zinazoota na kukauka ndani ya wiki chache, na baadaye na udongo mtupu. Udongo ukikaa wazi, matone ya mvua huupiga mpaka unatengeneza ukoko mgumu juu, maji hayaingii, yanatiririka kwenda korongoni. Hapo watu wanasema mvua zimepungua. Pengine zimepungua kweli, lakini hata zile zinazonyesha hazibaki kwenu.

Kwa hiyo jeraha kubwa ni mifugo kukaa mahali pamoja wakati nyasi inakua, msimu baada ya msimu. Kulishwa kwa nguvu wakati wa kiangazi, nyasi ikiwa imelala, hakuumizi kama kulishwa kidogo kila siku mwezi mzima wa mvua. Wazazi wako walilijua hili bila kufundishwa na mimi. Ndiyo maana walihamia ronjo, kambi za muda za wachungaji, msimu wa mvua, wakaacha nyasi za karibu na maji ya kudumu zikue. Ndiyo maana kila boma lilikuwa na alalili, ile sehemu ya karibu na nyumbani iliyofungwa kwa ajili ya ndama na wagonjwa wakati wa kiangazi. Mambo haya hayakufa kwa uzembe. Hifadhi ya Taifa ya Tarangire ilipoanzishwa mwaka 1970, mto wenye maji ya kiangazi ulibaki ndani ya mipaka yake. Baadaye yakaja mashamba makubwa, vijiji vikakaa mahali pamoja karibu na shule na zahanati, na visima vikachimbwa katikati ya mbuga za msimu wa mvua. Uhamaji ulikatwa vipande, na nyasi ikakosa siku za kupumua.

Hapo pia ndipo ninapokuomba uwe mkali kuhusu kisima mlichoahidiwa. Katika nchi kavu, mwenye ufunguo wa maji ndiye mwenye ufunguo wa malisho. Mbuga isiyo na maji ya kudumu inajilinda yenyewe: madimbwi yakikauka, mifugo inaondoka bila mtu kutozwa faini. Ukichimba kisima pale, umealika mifugo ikae mwaka mzima, na baada ya miaka michache utakuta mduara wa vumbi unaopanuka kuzunguka birika. Kisima kikija, kiwekwe kwenye eneo la kiangazi au karibu na makazi, kiwe na mlango wa kufunga, na ufunguo ukae kwa kamati yenu.

Sasa kalenda. Kaeni na wazee wa kila kitongoji, chukueni fimbo, mchore eneo lenu lote ardhini. Msichore zile hekta 4,000 peke yake. Chora pia njia ambazo ng'ombe wa vijiji jirani huingilia, maana hao hawatasoma ramani yenu. Kwa kawaida nchi kama yenu inajigawa yenyewe katika sehemu nne: mbuga za nyasi fupi za msimu wa mvua, eneo la kiangazi lenye maji na miti, alalili za karibu na maboma, na kipande kimoja cha akiba ambacho hakiguswi mpaka ukame utangazwe. Hicho cha mwisho ndicho kinachogombaniwa kuliko vyote, na ndicho kinachookoa mitamba. Ukame wa 2009, na ule wa mwishoni mwa 2021 na mwanzoni mwa 2022, uliua maelfu ya mifugo wilayani kwenu, na nadhani hakuna nyumba ya mfugaji huko isiyokumbuka.

Vuli ikianza, msikimbilie majani mapya. Subirini wiki tatu hadi nne mpaka nyasi ipite kifundo cha mguu. Najua hiki ndicho kipindi kigumu kupita vyote, ng'ombe wamekonda na kijani kinaonekana kwa mbali. Ndicho kinachohitaji alalili zenye majani makavu yaliyobaki. Baada ya hapo mifugo iende mbugani, na eneo la kiangazi lifungwe kabisa mpaka masika iishe na mbegu zidondoke. Mbuga nayo igawanywe vipande, na kila mwaka kipande kimoja kiachwe mvua zote mpaka kitoe mbegu. Kwa vipande vitatu, kila ardhi inapata mapumziko kamili mara moja katika miaka mitatu. Kwa nchi yenye mvua isiyotabirika kama Simanjiro, tarehe za kwenye karatasi zinadanganya. Fungueni na kufunga kwa kuangalia hali ya nyasi, na mteue watu watano wanaoaminika kwenda kuiangalia kwa macho.

Kuna watakaokuambia dawa ni kupunguza mifugo tu. Idadi ina uzito, sitakuficha. Ila mvua zikiwa zinabadilika mno mwaka hadi mwaka, hakuna namba moja ya ng'ombe inayofaa miaka yote. Kinachofaa ni kuamua mapema. Mwezi wa Juni au Julai, masika ikiwa imekuwa mbovu, kamati itangaze na watu wauze wale wa kuuza wakiwa bado na nyama mwilini. Ng'ombe yuleyule ukimpeleka mnadani Desemba akiwa anashikiliwa mkia ili asimame, utapewa bei ya ngozi.

Wasomi waliwahi kuaminishwa kwamba ardhi ya pamoja lazima iharibike kwa sababu kila mtu ataongeza ng'ombe wake. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba pale watumiaji wanapojua mipaka, wanapotunga kanuni wenyewe na kusimamia adhabu wenyewe, ardhi ya pamoja inadumu vizazi kwa vizazi. Huna haja ya kwenda mbali kuthibitisha. Nenda Shinyanga. Wasukuma wana ngitili, jamaa ya alalili yenu: kipande cha malisho kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa katikati ya kiangazi. Nchi ile ilifyekwa miti ili kuua mbung'o, ikalimwa pamba, na wakati wa kuhamia vijijini miaka ya 1970 watu waliacha ngitili zao nyuma. Ikabaki tupu kiasi cha kuitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ulipoanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa hekta 600 hivi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Mradi haukushinda kwa kugawa miche, ingawa ulianza hivyo. Ulishinda pale ulipowaachia watu kazi: kanuni zikapitishwa na dagashida, mkutano wao wa kimila, na sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, wakazilinda. Miti ilichipua yenyewe kutoka mashina yaliyokuwa bado hai chini ya udongo. Ndege wakarudi, kuni na majani ya kuezekea vikapatikana karibu, na akina mama wakapunguziwa safari. Fisi nao walirudi, na kuna ngitili ambazo wenye uwezo walizigeuza zao na kuwakodisha wenzao. Haya mabaya nakutajia makusudi, ili kanuni zenu ziyafungie mlango tangu siku ya kwanza.

Kuhusu kugawana na kulima. Nawaelewa vijana, mtu anayemiliki ekari zake anaona kama amepata kitu cha kushika mkononi. Lakini fanya nao hesabu ya mvua. Nchi ya malisho inalipa kwa sababu ni pana: mvua inanyesha huku, kule hainyeshi, na ng'ombe anaifuata. Ukimpa kila mtu kipande kidogo, mwaka ambao mvua imepita kando yake hana pa kwenda. Kajiado, Kenya, ng'ambo ya mpaka, ranchi nyingi za kikundi zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zimegawanywa, na familia nyingi ziliuza vipande vyao. Leo ukipita pale utaona uzio baada ya uzio, na wenye mifugo wanaomba kupitisha ng'ombe kwenye ardhi ya baba zao. Mkitaka mashamba, tengeni eneo la mashamba karibu na makazi, kwenye udongo mzito wa bondeni. Mbuga ile ikishaguswa na jembe la trekta, nyasi za kudumu zinachukua miaka mingi kurudi, kama zinarudi.

Tuje kwenye zile sehemu zilizokufa kabisa, ambapo hata mkipumzisha miaka miwili hapaoti kitu. Hapa ndipo panapofaa kazi ya mikono. Dawa ya kwanza mnayo bure: samadi. Boma lililohamishwa linaacha ardhi yenye rutuba, na baada ya miaka michache pale huota ukoka na nyasi tamu ambazo swala na pundamilia wanazipenda kuliko za kando yake. Watafiti waliochimba maboma ya kale ya wafugaji katika kaunti ya Narok, yaliyokaliwa kati ya miaka 1,500 na 3,700 iliyopita, walikuta udongo wake bado una rutuba zaidi na nyasi bado ni tofauti. Wafugaji ndio walioacha neema hiyo, na wanyamapori wanaila mpaka leo. Basi tumieni maboma ya muda: zizi la ronjo lihamishwe kila baada ya wiki moja au mbili, likanyage na kurutubisha kipara kimoja kabla ya mvua, kisha liende kwenye kipara kingine. Ukoko unavunjwa na kwato, na mbegu zinakuja zenyewe ndani ya samadi.

Pale penye mteremko mdogo, chimbeni makingamaji ya nusu mwezi, kama yale yaliyochimbwa kwa maelfu upande wa Kajiado. Kila moja lina upana wa mita 5 na urefu wa mita 2.5 kutoka ukingo hadi tumbo, mdomo ukiangalia juu maji yanakotoka, udongo ukirundikwa upande wa chini. Yapangwe kwa kupishana kama magamba ya samaki, ili maji yanayolikosa moja yakamatwe na linalofuata. Usipange kuyachimba hekta zote 4,000; utawachosha watu bure. Chagueni vipara vya juu ambako mtiririko unaanzia. Miiba mnayokata kwenye vichaka ilazeni juu ya ardhi tupu: inapunguza jua, inazuia upepo usibebe mbegu, na mbuzi hawezi kufikia miche. Vichaka vyenyewe msiving'oe vyote. Kateni kwa vipande, acheni oltepesi, yaani migunga, kubwa za kivuli, maana maganda yake ndiyo chakula cha mbuzi kiangazi na chini yake nyasi hukaa kijani muda mrefu zaidi.

Mbegu za nyasi zitoke kwenu. Kajiado kuna vikundi vya akina mama wanaotunza mashamba madogo ya nyasi za asili, wanavuna mbegu na majani makavu na kuuza vyote viwili. Hilo ningependa mlianze hata kama hamna mfadhili, kwa sababu linawapa wanawake sauti yenye fedha ndani ya kamati. Cenchrus ciliaris inafaa na inastahimili ukame, ila mbegu yake mpya inalala. Ihifadhiwe mahali pakavu miezi kadhaa kabla ya kupanda. Na trekta au lori la majani kutoka mjini likija, likaguliwe kwanza. Gugu karoti limeenea Arusha kwa kubebwa na magari na mizigo, na likiingia mbugani linaua nyasi, linachubua ngozi na kufanya maziwa yawe machungu. Likionekana hata mche mmoja, ling'olewe na glavu kabla halijatoa maua.

Sasa wanyamapori, ambao najua ndio wanaowagawa. Nyumbu wa Tarangire hawaji Simanjiro kwa kutalii. Nyasi fupi za mbuga zenu zina fosforasi na madini mengine ambayo jike anayenyonyesha hawezi kuyapata vya kutosha ndani ya hifadhi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 nyumbu wa mfumo ule walikuwa zaidi ya 40,000. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa chini ya 10,000. Ujangili ulichangia, na mashamba yaliyoziba njia zao yalichangia. Kwa maneno mengine, malisho yenu ndiyo chumba chao cha kujifungulia. Hifadhi peke yake, hata ikilindwa kwa bunduki mchana na usiku, haiwezi kuwarudisha.

Je, watawanyang'anya ng'ombe nyasi? Jibu linategemea msimu. Kule kituo cha utafiti cha Mpala, Laikipia, Kenya, kuna viwanja vya majaribio vilivyozungushiwa uzio tangu 1995, vingine vya ng'ombe pekee, vingine vya ng'ombe pamoja na wanyamapori. Mwaka 2011 mtafiti wa Kenya Wilfred Odadi na wenzake walionyesha kwamba kiangazi ng'ombe waliolisha pamoja na wanyamapori waliongezeka uzito kidogo kuliko waliokuwa peke yao, lakini wakati wa mvua waliongezeka zaidi. Sababu ni pundamilia: anakula mabua makavu na magumu, anamwachia ng'ombe majani laini. Kwa hiyo mashindano ni ya kiangazi, na kiangazi wengi wa wanyama hawa wako Tarangire kwenye maji. Msimu wanapokuja kwenu ni msimu ambao wanawafaa.

Ila kuna gharama, nami sitaki zikuangukie bila kutajwa. Ya kwanza ni ingati, ugonjwa ambao ng'ombe huupata kwa nyumbu. Nyumbu akizaa, ndama wake hutoa virusi kwa miezi mitatu hivi ya mwanzo, na ng'ombe akilisha pale anaweza kuugua na kufa. Wazee walikwepa kwa kuondoa ng'ombe kwenye mbuga za kuzalia kuanzia Februari, wakirudi ndama wa nyumbu wakishabadili rangi na kuacha ule wekundu wa utoto. Tia hilo kwenye kalenda kama kanuni rasmi. Utaona linasaidia na nyasi pia, kwa kuwa mbuga inapumzika bila ng'ombe katikati ya mvua. Ya pili ni simba na fisi. Hapo Simanjiro kwenu kuna maboma mengi yaliyozungushiwa miti hai ya jamii ya Commiphora, ile inayochipua ukichomeka tawi, ikiwa imefungwa waya wa wavu. Simba wa usiku anashindwa. Gharama ya waya ndiyo ningewaomba wafadhili wenu wabebe badala ya trekta. Kifuta jasho na kifuta machozi vya serikali vipo kisheria tangu kanuni za 2011, lakini huja kwa kuchelewa na havilingani na ng'ombe aliyeliwa. Msijenge matumaini juu yake.

Faida ya fedha ipo, mkiidai kwa mkataba. Kijiji cha Terrat, katikati ya miaka ya 2000, kiliingia makubaliano na kampuni za utalii zilizopeleka wageni Tarangire: kijiji kikalipwa kila mwaka ili mbuga isilimwe na isijengwe makazi ya kudumu, na mifugo ikaendelea kulisha kama kawaida. Fedha hazikuwa nyingi. Lakini hakuna mtu aliyehamishwa, na kijiji ndicho kilichosaini. Huo ndio mfano ninaoupenda, kwa sababu mfugaji analipwa kwa kuendelea kuwa mfugaji. Wakija watu wa biashara ya hewa ukaa, na watakuja, someni mkataba mzima kwa Kiswahili mbele ya mkutano mkuu, muulize mkataba ni wa miaka mingapi, nani anashika fedha, na nani anaweza kuuvunja. Januari 2025 mahakama ya Isiolo, Kenya, ilitamka kwamba hifadhi mbili za jamii zilianzishwa kinyume cha sheria, na malalamiko ya msingi ya wananchi yalikuwa kwamba hawakushirikishwa.

Hofu ya wazee kuhusu kuchukuliwa ardhi naiheshimu. Juni 2022 kilomita za mraba zipatazo 1,500 za Loliondo zilizokuwa malisho ziliwekewa mipaka ya pori, na kila mfugaji wa kaskazini aliona. Sheria yetu inasema ardhi ni mali ya umma na Rais ni mdhamini wake, na inaruhusu ardhi ya kijiji kuhamishwa. Hakuna karatasi itakayowapa kinga kamili. Lakini kijiji chenye karatasi kinasimama mahali tofauti kabisa na kijiji kisicho nazo: lazima kisikilizwe, na lazima fidia ijadiliwe. Kwa hiyo hakikisheni mna cheti cha ardhi ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, eneo la malisho likitajwa kwa jina na mipaka yake, na sheria ndogo zilizoidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Kisha ombeni hati ya haki miliki ya kimila ya kikundi kwa malisho yenyewe. Wahadzabe wa Bonde la Yaeda walipata ya kwao ya pamoja mwaka 2011. Kiteto, majirani zenu wa kusini, walikwenda mbali zaidi: vijiji vya Olkitikiti, Lerug na Ngapapa viliunganisha malisho yao, vikayapa jina lililotokana na majina yao wenyewe, OLENGAPA, na wafugaji wakapewa hati kupitia chama chao. Ng'ombe hawajui mpaka wa kijiji. Ni vizuri hati nayo isijifanye inaujua. Na kwa maoni yangu, malisho yanayotumika kwa kanuni zinazoonekana ni magumu kuyaita ardhi isiyo na mwenyewe kuliko vumbi lisilo na mlinzi. Wazee wanaogopa nyasi. Mimi ningeogopa zaidi hilo vumbi.

Mtajuaje kama mnafanikiwa? Msisubiri mtaalamu. Chagueni mistari kumi, kila mmoja uanze kwenye mti unaojulikana. Kila mwaka baada ya masika, mtu atembee hatua 100, na kila hatua aangalie ncha ya kiatu chake imegusa nini: udongo mtupu, nyasi ya msimu, nyasi ya kudumu, au kichaka. Andikeni kwenye daftari moja, litunzwe ofisini. Mwaka wa kwanza tegemeeni nyasi za msimu na magugu, na watu watakatishwa tamaa. Mwaka wa pili au wa tatu, mvua ikiwa ya wastani, vitako vya nyasi za kudumu vitaanza kuonekana kwenye vivuli na kwenye maboma ya zamani. Vipara vibaya vinaweza kuchukua miaka kumi. Andikeni pia siku nyumbu wa kwanza walipoonekana na walikuwa wangapi. Daftari hilo litakuwa na nguvu kubwa siku mtakapokaa mezani na mwekezaji au ofisa.

Kuhusu faini, ziwe ndogo kwa kosa la kwanza na zipande haraka, na zitolewe mbele ya laigwanani, kiongozi wenu wa kimila, na kamati pamoja, ili pasiwe na mlango wa pembeni. Mwenye ng'ombe 600 atozwe kama mwenye 6, kwa kila ng'ombe aliyeingia. Kanuni ikimkwepa tajiri mmoja msimu wa kwanza, msimu wa pili hakuna atakayeitii. Walinzi wawe morani wenu, walipwe kutokana na faini na ada, wawe na simu na jina la mtu wa kumpigia katika kila kijiji jirani. Na akina mama wawemo kwenye kamati kwa idadi ya maana, maana wao ndio wanaojua ndama yupi hana maziwa na kuni zimekwisha upande gani.

Vuli inaanza Novemba. Una muda wa kutosha kuitisha mikutano ya vitongoji, kisha mkutano mkuu, kabla ya mawingu. Kwa mwaka huu usiombe mambo yote. Ombeni jambo moja: eneo la kiangazi lifungwe kuanzia tone la kwanza la mvua mpaka mbegu zidondoke baada ya masika. Likishapita msimu mmoja, niandikie uniambie nani alivunja, mlimfanya nini, na ile mistari yako kumi inasemaje.